Chumba cha Nyuma cha Tela

Mwaka wa hamsini na moja, Bwana Miwani na mkewe walikata shauri kuhama Shinyanga kwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita. Kilichowanyima raha katika mipango yote hiyo hakikuwa dhahabu. Walikuwa mbwa.

Jina la kweli la Bwana lilikuwa na herufi nyingi zisizo na kazi, kwa hiyo watu wakamwita kwa miwani yake. Alikuwa mrefu, mkavu kama mpini wa jembe. Mkewe, Memsabu, alikuwa mfupi, wa duara, na alicheka kwa urahisi. Watoto hawakuwa nao. Walikuwa na Meja na Kwini, dume na jike, rangi ya udongo wa kichuguu, kila mmoja mkubwa kama ndama aliyeachishwa kunyonya. Meja akisimama kwa miguu ya nyuma, alikuwa anaweza kumpumulia karani usoni, na makarani kadhaa walishapumuliwa.

Aliyewatunza mbwa hao ni Serafina, Mama Bernadina. Kwenye karatasi za Bwana aliandikwa mpishi msaidizi, lakini waliokula mapishi yake ni Meja na Kwini tu. Aliwasongea ugali, akawachemshia vichwa vya ng'ombe, akawatoa kupe, akawaogesha kila Jumamosi. Hata Kiingereza chake kilikuwa cha mbwa: kaa, njoo, acha, toka. Kwa maneno hayo manne aliendesha kazi miaka sita bila kugombana na mtu.

Mumewe, Onesmo, alikuwa seremala. Kazi alijifunzia Kolandoto kwa kutengeneza vitanda vya hospitali, na huko ndiko alikookota Kiingereza cha watu. Alikuwa na namna yake ya kupima. Futi ya mbao aliiweka mfukoni kwa ajili ya Wazungu. Mwenyewe alitumia kamba ya katani. Mtu akitaka kitanda, Onesmo anamlaza juu ya mkeka, ananyoosha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, anapiga fundo, kisha anafunga kitambaa cha rangi ili amkumbuke mwenyewe. Kazi ikiisha, kamba haitupi. Anaitundika kwenye msumari, ukutani nyumbani kwake. Nusu ya mji wa Shinyanga ilikuwa imening'inia kwenye ukuta ule, wafupi kwa warefu, na wengine walishazikwa.

Sasa, Geita kwa Serafina halikuwa jina zuri. Onesmo alishawahi kwenda huko kufunga mbao kwenye mashimo ya dhahabu. Aliaga miezi mitatu, akakaa miaka miwili, na habari za mwanamke aliyekuwa akimfulia huko zilifika Shinyanga kabla yake. Aliporudi ilibidi apeleke mtamba kwa wakwe, na mbele ya baba mzazi wa Serafina akatamka kwamba hatakwenda tena Geita bila mkewe. Mtamba yule alishazaa mara tatu. Kwa hesabu ya Serafina, maneno yale nayo yalikuwa bado hai.

Kwa hiyo Bwana aliposema anataka nyumba ya mbao juu ya magurudumu, tela ya kuvutwa na lori, ili asimame popote mawe yanapong'aa, na Onesmo ndiye ataijenga na kufuatana nayo kuitengeneza njiani, Serafina hakuuliza kama na yeye atakwenda. Mbwa wanakwenda. Mumewe anakwenda. Kilichobaki ni kujua atalala wapi. Tena njia ilipitia Runzewe, alikoolewa binti yao Bernadina. Alishaanza kuwaza zawadi.

Ukubwa wa tela ulichaguliwa kwa majivu. Memsabu alisema haelewi michoro ya karatasi, anataka kuiona nyumba na kuingia. Serafina akaleta ndoo ya majivu, Bwana akachora uani nyumba ya futi kumi na mbili, hapa kitanda, hapa meza, hapa jiko. Memsabu akaingia kwa kupitia mlangoni, kwa adabu, akasimama penye jiko akaanza kukaanga mayai ya hewani. Bwana akaketi kitandani. Mbwa wakaitwa.

Meja hakujua habari ya mlango. Akapita ukutani, akajinyoosha kuanzia jikoni mpaka chini ya meza. Kwini akalala kitandani kwa Bwana, mkia ukabaki nje ya nyumba ukifagia ukuta. Memsabu alitaka kutoka jikoni, ikabidi amruke Meja, na gauni lake halikuwa la kurukia. Akina mama wa nyumba ya jirani, waliokuwa wakichungulia kwenye ua, walilazimika kuziba midomo kwa kanga.

Ikachorwa ya futi ishirini. Hapo kila mtu alijinyoosha akatosha. Lakini Onesmo akatikisa kichwa. Alimweleza Bwana habari za madaraja ya magogo na kona za porini, kwamba tela ya futi ishirini ikiingia kona leo, nyuma yake itafika kesho. Bwana akafuta kwa kiatu. Walipima, walifuta, mbwa walilala, waliamshwa, mpaka Serafina akachoka akasema kwa Kiswahili kwamba mbwa ni mbwa, walale chini ya tela kama mbwa wa watu wengine.

Memsabu aliyasikia hayo akauliza wakiumwa na mbung'o porini itakuwaje. Serafina akaokota ndoo yake ya majivu.

Jioni ile wakafikia futi kumi na sita. Mbele chumba cha Bwana na Memsabu pamoja na jiko. Nyuma, futi nne na nusu zitengwe kwa ukuta wa mbao, ziwe chumba chenye mlango wake na dirisha la wavu wa waya. Bwana na Onesmo walisemezana Kiingereza kwa muda, na ndani yake hamkuwa na kaa wala njoo, kwa hiyo Serafina hakupata kitu. Aliona tu mumewe akiyatazama majivu kama mtu aliyedondosha shilingi.

Njiani kurudi nyumbani akamuuliza kile chumba cha nyuma ni cha nani.

"Unadhani ni cha nani, mayu?" Onesmo akasema.

Serafina angekuwa na akili za siku nyingine, angekumbuka kwamba mtu aliyeulizwa akauliza hajajibu. Lakini lile neno mayu, mama kwa Kisukuma, aliliweka kwa upole, kama zamani alipokuwa akimchumbia, na Serafina alitembea mpaka mlangoni akitabasamu gizani. Akampa nyama kubwa.

Ikawa wiki sita za kujenga. Chesisi ilitoka kwenye lori bovu, mbao za mninga zilitoka Kahama, bati zilitoka kwa Ebrahim mwenye duka. Onesmo alimkataza mkewe kwenda karakana, akasema vumbi la mninga litamkohoza. Siku moja tu alipita kwa nje akapaona pale nyuma, patupu, dirisha lina wavu mzuri uliokazwa pembe zote. Akajisemea mume huyu amekumbuka mbu. Akaanza kushona.

Alishona pazia za kitambaa cha maua, mbili, na kipande cha tatu cha kuficha mlango. Akachambua pamba kwa vidole, mbegu moja moja, akajaza godoro la kitambaa cha marekani, akalidunga nyuzi lisije likavimba upande. Alipima kwa kitanda chao cha nyumbani. Onesmo alichukua pazia, akachukua godoro, akavipeleka karakana begani. Memsabu alivisifu. Alimshika Serafina mkono, akamwambia ana roho nzuri kabisa, akarudia, kabisa. Serafina aliona ni sifa kubwa kidogo kwa mtu aliyejishonea godoro lake mwenyewe, lakini Wazungu husifu hata chai.

Jambo moja lilimkera. Onesmo hakumlaza mkekani. Watu wote waliotengenezewa kitanda na Onesmo walilazwa mkekani, hata mwenye duka, hata padri. Alipomdai kipimo chake kwa utani, mumewe alicheka bila kumtazama.

"Nikupime wa nini? Urefu wako naujua kwa moyo."

Ilibaki shuka. Safari ikiwa imebakiza siku nne, Serafina alikwenda ukutani akatafuta kamba ya tela. Aliijua kwa kitambaa chake cha bluu. Ilikuwa na mafundo mawili. Akaifunga kwenye upindo wa kanga, akaenda dukani kwa Ebrahim. Mkewe, Khairunisa, ndiye aliyekata vitambaa. Akainyoosha kamba mezani, akaiweka kwenye yadi, akaiweka tena.

"Mama Bernadina, umepata mjukuu?" akauliza. "Hiki kitanda cha mtoto."

Serafina akamwambia avute vizuri, labda imejikunja. Khairunisa akavuta. Fundo la kwanza lilikuwa futi nne. La pili lilipungua vidole vitatu. Serafina alishukuru, akasema atarudi, akaikunja kamba. Kule nyuma ya duka, karibu na magunia ya chumvi, aliisimamisha kisiginoni akaipandisha. Ilimwishia kifuani.

Alikwenda kazini kama kawaida kwa sababu ilikuwa Jumamosi, siku ya kuogesha. Alimwogesha Meja, akamwogesha Kwini, akawafuta kwa gunia. Wakajilaza juani ubavu kwa ubavu wakasinzia. Serafina akawatazama kwa muda. Kisha akapiga magoti, akaweka mwisho wa kamba kwenye pua ya Meja, akaipitisha juu ya shingo, akafuata mgongo mpaka mkia unapoanzia. Fundo likakaa pale pale, kama kifungo kwenye tundu lake. Akaihamishia kwa Kwini, mwenye kupungua vidole vitatu. La pili nalo likakaa.

Onesmo alikuwa fundi hodari. Hilo hakuna aliyewahi kulikana.

Serafina alimkuta mumewe karakana anapiga randa mbao mbili za kuzuia mbwa wasiteleze. Ndani ya chumba cha nyuma, godoro lake lilikuwa limekatwa katikati, likashonwa mawili, yakalazwa ndani ya mahori mawili ya mninga yaliyopigwa msasa mpaka yanang'aa. Pazia zimetundikwa. Maua yalipendeza. Serafina alimpa mumewe kamba mkononi.

"Ulijua lini?"

Onesmo aliitambua kamba, hakujisumbua kuuliza. Akapuliza vumbi kwenye randa.

"Siku ya majivu."

"Nikashona wiki sita."

"Ningekuambia."

"Ungeniambia lini? Lori likishageuka kona?"

Basi Onesmo akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujichimbia. Bwana alisema nafasi ya mtu ni moja tu, pembeni ya dereva, nayo ni ya fundi. Mbwa hawawezi kukaa wazi kwa ajili ya mbung'o. Huko kambini watapata mtu wa kuwapikia. Na Bwana alimwambia kwamba mbwa wakikonda kabla ya safari, safari itasimama. Serafina angejua, angesusa. Mbwa wangekonda.

"Kwa hiyo ulininyamazia ili mbwa wanenepe," Serafina akasema.

"Ni miezi sita tu, Mama Bernadina."

"Mara ile ilikuwa mitatu."

Onesmo akarudi kwenye randa yake. Serafina naye hakupiga kelele, jambo lililomtisha mumewe kuliko kelele zenyewe. Aliichukua tena ile kamba, akarudi nyumbani, akapika, akampakulia. Siku tatu zile aliwalisha mbwa vile vile, ugali na vichwa vya ng'ombe, wala hakupunguza chumvi. Usidhani ni utakatifu. Aliwaza upupu. Aliujua unapoota, nyuma ya kinu cha pamba, na gunia la kuukusanyia alishalipata. Lakini watakaojikuna ni Meja na Kwini, na katika jambo lote hili hao wawili tu ndio ambao hawakumkosea. Gunia akalirudisha.

Siku ya safari watu walijaa kutazama nyumba inayokwenda. Memsabu alifungua mlango wa nyuma, akaita. Meja akasogea, akanusa mninga mpya na rangi mbichi, akarudi akakaa. Kwini akakaa karibu naye. Bwana aliita kwa sauti ya bwana. Akatupa nyama ndani. Meja aliingiza kichwa akachukua nyama, akaja kuilia nje. Kila mara walikuwa wakigeuka kumtazama Serafina aliyesimama kwenye ua, mikono imefungwa kifuani.

Memsabu akamjia, akamwomba awaambie neno la kuwaingiza ndani. Serafina akamjibu kwamba maneno yenyewe ni manne tu na wote wanayajua. Yeye amepumzika.

Watu walianza kucheka. Kwa dakika chache, jua likipanda, ilionekana kweli nyumba ile ya futi kumi na sita haitaondoka Shinyanga bila mtu mmoja. Bwana alivua miwani akaifuta. Akamwambia Memsabu kitu, Memsabu akamtazama Serafina, kisha akatazama kule mbele ya lori, kwenye kiti kimoja cha pembeni ya dereva. Serafina aliona wanavyotazama. Moyo wake, huo mjinga, ukaanza kufunga mizigo.

Onesmo naye aliona. Akaondoka mbio kuelekea nyumbani, watu wakampisha wakidhani amesahau msumeno. Akarudi na kanga ya mkewe, ile ya kazini, aliyoiacha kwenye kamba ya nguo bila kuifua, yenye jasho lake na harufu ya ugali wa mbwa. Hakumtazama. Alipanda kwenye tela, akaitandika juu ya lile godoro la marekani, akashuka.

Meja alinyanyua pua. Akaruka ndani mara moja, Kwini nyuma yake. Onesmo akafunga mlango, akasukuma komeo alilolitengeneza mwenyewe.

Lori lilipopita mbele ya ua, Serafina aliona kupitia wavu vichwa viwili vikubwa vimelala juu ya kanga yake, macho yamefumbwa, na pazia za maua zikipeperuka. Onesmo aliinua mkono kutoka kwenye kiti chake. Alidhani mtu anaweza kupungiwa mkono baada ya hayo.

Kanga ile, zaidi ya chumba, zaidi ya godoro, ndiyo iliyomkaa kooni. Kwenda bila yeye, ni sawa, alishawahi. Lakini alimchukua nusu, ile nusu iliyofaa kwa mbwa.

Miezi sita ikapita, ikawa tisa. Serafina alilima choroko, akauza. Mtu aliyekuwa akijifunza kazi kwa Onesmo, mtu mzima aitwaye Maige, mpole, mwenye kigugumizi, alikuwa amebaki na karakana. Serafina alimwendea akasema anataka kitanda. Maige akatandika mkeka, akamwomba alale, akanyoosha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni kwa heshima zote, akapiga fundo. Serafina alilala chali pale chini akitazama mabati, machozi yakamtiririkia masikioni. Alimwambia Maige ni vumbi la mninga.

Kitanda kilikuwa cha mtu mmoja. Na mbao zilipobaki, alimwagiza kitu cha pili, cha kuwekwa barazani, na kipimo chake alikuja nacho mwenyewe, kimefungwa kitambaa cha bluu. Maige aliiangalia kamba, akamwangalia yeye, akaanza kucheka, na kigugumizi chake kikafanya kicheko kichukue muda mrefu.

Onesmo alirudi mchana wa msimu wa pamba, amekaa juu ya marobota ya pamba kwenye lori. Alikuwa amekonda na mzigo wake ulikuwa mmoja. Akapiga hodi. Serafina akamkaribisha barazani, akamletea maji ya kunawa, akamwekea chakula, akakaa mbali kidogo akichambua choroko kwenye ungo. Alimuuliza kwanza habari za mbwa.

Onesmo akasema Meja hajambo, anazurura. Kwini amezaa sita.

"Kwenye godoro langu?"

"Kwenye godoro lako."

Akaongeza kwamba Memsabu alimpa salamu nyingi. Serafina akasema wabeja, asante, salamu zimefika. Onesmo alimaliza kula, akajinyoosha, akasema safari imemvunja mgongo, angependa kulala kidogo. Akainuka kuelekea mlangoni. Serafina hakuinuka. Alinyoosha kidole upande wa pili wa baraza.

Kilikuwa kijumba cha mninga, kimepigwa msasa vizuri, kina dirisha la wavu na pazia dogo la maua. Ndani yake hori moja, juu yake gunia safi. Onesmo aliinama akakitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. Alipitisha kiganja kwenye ukingo. Kisha akaona kamba imetundikwa pembeni kwenye msumari, ikiwa na kitambaa cha bluu na mafundo yake mawili, na mgongo wake ukabaki umeinama.

"Mama Bernadina," akasema mwishowe, "hapa sienei."

Serafina alipepeta ungo, makapi yakaruka.

"Ndivyo? Sikuwa na sababu ya kukupima. Urefu wako naujua kwa moyo."

Onesmo alitazama barabarani. Angeweza kwenda kwa ndugu zake, lakini kwa ndugu zake wangemuuliza sababu, na sababu ilikuwa ndefu kuliko kijumba. Mwishowe alivua viatu, akaviweka sambamba nje, akaingia kwa magoti. Akajikunja upande huu, akajikunja upande ule. Miguu ikabaki nje kwenye baraza, nyayo zimeangalia juu, na kuku mmoja akaja kuzikagua.

Serafina aliitazama ile miguu. Aliijua, hata ufa wa kisigino cha kushoto. Alikuwa amengojea siku hii miezi tisa, akidhani itakuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Akamfukuza kuku, akarudi kwenye choroko zake.